Kola ya Kupanda

Nakuru, Jumapili jioni

Nekesa mwanangu,

Mama yenu anakusalimu. Simiyu naye umwambie babu ameipata ile bobini aliyoificha. Ilikuwa ndani ya kiatu changu cha kanisani, na niliipata nikiwa tayari nimeshakivaa.

Uliniandikia hivi: "Baba, nimewaona washauri wawili hapa Kisumu, kila mmoja mara moja. Nitajuaje nani atanisaidia kupona haya mambo? Wewe ungemchagua nani?" Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko unavyodhani. Nakujibu kwa kalamu kwa sababu kwenye simu mama yenu hunipokonya kabla sijafika katikati.

Mimi washauri siwajui. Enzi zetu mtu akizungumza na mtaalamu wa mambo ya akili, watu walisema amepelekwa hospitali ya Mathari, na wa nyumbani kwake walisema amesafiri. Ninaowajua ni mafundi. Nawe nimekwambia tangu ulipokuwa unakaa chini ya meza ya kukatia ukiokota vifungo: fundi anayeshika mkasi kabla ya kushika futi, mkimbie. Hata kama ana cherehani tano. Hata kama ukuta wake umejaa picha za maharusi. Anayekata kabla ya kupima anamshonea mtu aliye kichwani mwake, na wewe utalazimika kuingia ndani ya nguo ya mtu huyo.

Sasa huyo mama wa Milimani, kwa maelezo yako, alikuombea, akakusimulia ndoa yake kwa karibu nusu saa, kisha akakupa kazi ya nyumbani, uandike orodha ya mambo mazuri ya huyo bwana, mume uliyemkimbia. Yule kijana wa hospitalini hakusema mengi. Alikuuliza unalala wapi siku hizi, na kama huyo bwana bado ana funguo za mlango.

Nilitaka kukwambia kitu hapo. Nimekiacha. Mama huyo pengine ni mtu mzuri, na siku ya kwanza kila mtu huzungumza zaidi ya inavyofaa. Mimi mwenyewe mteja mgeni akija namweleza habari za reli na za mvua ya 1997 kabla sijamuuliza anataka nini.

Wacha nikueleze habari ya Februari 2019.

Ulikuja kwa matatu ya asubuhi, Simiyu akiwa mgongoni, ukasema unataka blauzi nne za kuvaa kazini. Jua la Februari unalijua, hapa Bondeni mabati yanalia yenyewe. Ukaniambia, "Baba, mikono iwe mirefu, ifike kwenye kiganja. Na kola ipande." Nikacheka. Nikakuuliza Kisumu imepata baridi lini. Ukasema ndiyo fasheni.

Daftari langu la jalada jeusi lina ukurasa wako tangu sare ya darasa la tatu. Nimelifungua hapa mezani ninapoandika. Agosti 2017: kifua 37, kiuno 31. Februari 2019: kifua 34, kiuno 27. Mtu ametoka kunyonyesha, nilijiambia, mwili hurudi. Nikaandika. Kisha nikainua futi nikuzungushie shingoni, kama nilivyofanya mara mia, nawe ukaruka nyuma hadi mgongo ukagonga mashine. Mkasi ukaanguka. Simiyu akalia. Ukasema, "Pole, Baba, nilidhani ni mdudu."

Kwenye daftari, mahali pa shingo hapana namba. Kuna mstari tu nilioupiga kwa kalamu.

Sikukuuliza. Kola zile nilizishona kwa kipimo cha 2017. Nikakaa hadi saa tano usiku, nikaziwekea vifungo sita vya lulu kila mkono, kazi ambayo sijamfanyia hata bibi harusi. Jumapili ukavaa ile ya maziwa kwenda kanisani, na mke wa mzee wa kanisa akanishika mkono akasema, "Fundi, hii ni kazi." Na mimi nilifurahi, Nekesa. Nilitembea hadi Free Area kwa miguu nikiwa na furaha. Nilishona pazia la kufunika yale aliyokufanyia huyo mtu, nikalitia vifungo vya lulu, nikasifiwa.

Mama yenu anasema najitesa bure, kwamba ningekuuliza ungekataa. Ungekataa, najua. Ungesema mdudu mara ya pili. Lakini ungeondoka ukijua kuna mtu ameona. Labda. Ama labda ungeacha kabisa kuja, na nisingekuona tena. Nalipindua jambo hili kila nikikaa kwenye mashine na sijapata upande wake wa nje.

Kwa hiyo ule msemo wangu wa mkasi na futi una tundu, na umechelewa kunionyesha. Mimi nilipima. Nilipima vizuri, nikaandika kwa wino, inchi tatu za kifua na nne za kiuno zimepotea kwa mwaka mmoja na nusu, halafu nikashona nilichoagizwa. Kwa hiyo usitazame tu kama mtu anakupima. Tazama anafanya nini na kile alichokiona.

Jumanne alikuja yule muuguzi ninayemshonea sare. Nikamuuliza bila kutaja jina lako. (Alijua. Lakini alinistahi, akajifanya hajui.) Akasema nchi hii ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, kwa hiyo una haki ya kumuuliza yeyote kama amesajiliwa na bodi yao, amesomea nini, na kama amewahi kuwahudumia watu waliopigwa na wenzi wao. Akikasirika kwa maswali hayo, ameshakujibu. Siku ya kwanza kabisa akueleze siri yako inakaa wapi, na ni wakati gani analazimika kuitoa, kama maisha ya mtu au mtoto yakiwa hatarini. Akasema pia kazi ya mwanzo si kusimulia yote. Kwanza ni usalama: unalala wapi, nani ana funguo, usingizi ukoje, ukizidiwa usiku unampigia nani. Kusimulia kunafuata, polepole, kwa kiasi unachotaka wewe.

Nikamuuliza kuhusu kuwakalisha mume na mke pamoja, maana najua kanisani wamekupendekezea tena. Alitikisa kichwa. Akasema penye kipigo na vitisho, ukimkalisha mtu mbele ya anayemwogopa, atasema yale yatakayomfikisha nyumbani salama, hayo mengine atayameza. Hapo nikainama kutafuta uzi ambao sikuuhitaji. Sebule yetu tulimowakalisha nyinyi wawili unaijua, na wazee wale, na soda zile. Aliyoyasema senge wako, dada yangu, sitayaandika. Niliyoyasema mimi unayakumbuka kuliko mimi.

Nilimuuliza pia kwa nini mtu aliyeondoka mwaka mzima bado anashtuka mlango ukigongwa. Akasema mwili hujifunza hatari upesi na huchelewa sana kuamini kwamba imeisha. Si wazimu wala si uoga. Kuna tiba za mazungumzo zilizotengenezwa kwa ajili ya hilo hasa, na watu hupata nafuu, lakini haziishi kwa wiki mbili. Na ukiona mshauri hakufai baada ya siku kadhaa, unaruhusiwa kumwacha. Hilo halikunishangaza. Kitambaa ni chako. Unakikunja, unakitia kwenye mfuko, unaaga.

Ya sheria hukuniuliza, lakini mimi ni baba yako na nitayasema upesi. Ile sheria ya 2015 ya kukinga watu na ukatili wa nyumbani haihesabu ngumi peke yake. Kukunyima pesa, kukufuatafuata kazini, kukutisha kwa simu, yote yamo, na mahakama inaweza kumpa amri asikukaribie. FIDA, wale mawakili wanawake, wana ofisi hapo hapo Kisumu. Ile hospitali ya Jaramogi, ambayo sisi wazee bado tunaiita Russia, wana kitengo cha watu waliofanyiwa ukatili, usiogope kuuliza mlangoni. Na namba 1195, ya simu ya kuwasaidia waliofanyiwa ukatili, haitozi kitu, usiku na mchana. Nimeiandika kwa chaki ukutani mwa duka, juu ya kioo. Mteja mmoja alidhani ni bei ya kushona suti, akaniambia nimekuwa nafuu. Lakini wanawake wawili wameinakili bila kuniuliza chochote, mmoja wao akijifanya anajitazama kwenye kioo.

Jina la huyo bwana halitaingia kwenye barua yangu. Nilikuwa nimeandika mistari sita juu yake hapa, nikaichana. Ukitaka kumshtaki, nauli ya mashahidi iko tayari. Usipotaka, sitakuuliza kwa nini. Kuhusu kumsamehe usiniulize, kwa sababu nina jibu na si langu kulitoa.

Haya, kwa swali lako. Milimani au hospitalini. Mama yenu anataka mwanamke, anasema mwanamume ataelewa nini. Nimemwambia senge wako naye ni mwanamke. Akanyamaza, halafu akasema, "Hata hivyo." Na ana haki yake, kwa sababu kuna mambo ambayo pengine huwezi kumweleza kijana wa rika la mdogo wako, na kama ni hivyo, unaweza kumwomba akuelekeze kwa mwenzake wa kike. Kama Kisumu yote unaiona ina macho, na kila mshauri anasali na mama mkwe wako, njoo hapa Nakuru mara mbili kwa mwezi, Simiyu atashinda na mimi dukani. Au uongee naye kwa simu, mradi uwe kwenye chumba ambacho hakuna anayesikia. Sitakuchagulia. Niliwahi kukuchagulia, ukarudishwa kwa huyo bwana na gari la baba yako mdogo, na mimi ndiye niliyelipa mafuta.

Ila yule aliyeuliza habari ya funguo. Mimi baba yako, katika miaka yote hiyo, sikuuliza habari ya funguo.

Basi, nimenyamaza.

Kile kitambaa cha bluu ulichokiacha Krismasi bado kiko kabatini, na sijakigusa kwa mkasi. Nimekutilia futi kwenye bahasha hii, ile ya manjano, ncha yake imechakaa lakini inchi ni za kweli. Jipime mwenyewe, ukiwa peke yako, mlango ukiwa umefungwa. Bega, kifua, kiuno, urefu. Unitumie namba kwa ujumbe, nitaziandika kwenye ukurasa wako. Ya shingo ukitaka. Usipotaka, nitakushonea shingo ya duara, na mikono mifupi au mirefu, useme wewe.

Wako,
Baba