Maswali na Majibu: Ari ya Kazi katika Ofisi za Umma

Mimi ni karani wa mapato hapa Nakuru na sijapandishwa cheo kwa muda mrefu. Fomu ya tathmini tunaijaza Juni, mkubwa anatia sahihi, basi. Ina faida gani?

Ikijazwa hivyo, haina. Tathmini ilikusudiwa kuanza Julai, mwaka wa fedha unapofunguliwa, ambapo mtumishi na msimamizi wake hukubaliana malengo, kisha huyapitia katikati ya mwaka, ili Juni isimshtue yeyote. Julai ijayo omba kikao hicho kwa barua na uweke nakala, kwa kuwa mbele ya bodi ya utumishi wa umma ya kaunti maandishi yana uzito kuliko sifa za koridoni.

Ninasimamia kitengo kidogo Kisumu. Siwezi kuongeza mishahara, na watu wamekata tamaa. Nifanyeje?

Ni kweli huwezi. Hata kaunti yenyewe hushauriwa kuhusu malipo na Tume ya Mishahara na Marupurupu, chini ya Kifungu cha 230 cha Katiba. Mwaka 1959 Mmarekani Frederick Herzberg, aliyewahoji wahandisi na wahasibu wa eneo la Pittsburgh, alieleza kwamba malipo duni na usimamizi mbaya humkera mfanyakazi, ila kuviondoa pekee hakumpi ari, ambayo hutokana na kufanikisha jambo, kutambuliwa na kuaminiwa na jukumu. Sikubaliani naye katika yote (sidhani wahasibu wale walikuwa wakilipia wapwa karo), lakini hapo kwenye usimamizi ndipo penye nafasi yako. Anza na safari za kikazi na mafunzo: ikiwa majina ni yale yale kila mara, na marupurupu yanaishia kwa wale wale, hakuna hotuba itakayowainua waliobaki. Bandika orodha ya zamu hizo ukutani, jina lako likiwamo. Kisha mwachie afisa mmoja shughuli nzima aimalize mwenyewe, na ripoti ipande juu ikiwa na jina lake.

Mshahara umechelewa tena hapa Bungoma. Je, nikiondoka ofisini saa sita nina kosa?

Unalo. Kuchelewa huko mara nyingi hutokana na Hazina ya Kitaifa kukawia kutuma fedha za kaunti, na una haki ya kulalamika kupitia chama chako. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 inahesabu kutoroka kazini bila ruhusa kuwa utovu mkubwa wa nidhamu. Ukishaandikiwa barua ya kujieleza, ijibu kwa wakati, maana Kifungu cha 236 cha Katiba kinakataza mtumishi wa umma kuadhibiwa bila utaratibu wa kisheria kufuatwa.