Betri mpya ya moyo ikikusumbua, nawe uko Kigoma

Wengi wanaobadilishiwa betri ya moyo (pacemaker), yaani kidude kinachokaa chini ya ngozi ya kifua na kuusaidia moyo kupiga kupitia nyaya zinazoingia moyoni, hurudi nyumbani salama na maisha yakaendelea. Lakini wapo tunaoanza kuhisi mambo ambayo betri ya kwanza haikutuletea, na kwa sisi wa Kigoma mashine ya kuisoma hiyo betri iko mbali. Kliniki yangu iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Huwezi kukata tiketi kila ukisikia kizunguzungu. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua kinachokusumbua ni kidonda, ni nyaya, au ni namna betri ilivyopangwa.

Betri hizi hudumu kati ya miaka 5 na 15 hivi, kutegemea moyo unavyoitumia. Ikikaribia kuisha, daktari hupasua ngozi palepale penye kovu la zamani, akatoa kile kidude cha chuma, akazipima nyaya, na zikiwa nzima akazichomeka kwenye kidude kipya na kuzikaza kwa skrubu ndogo. Kwa hiyo kifuani una betri mpya na nyaya kuukuu.

Kidonda usikifanyie mzaha hata kidogo. Kuvimba kiasi na kubadilika rangi siku za mwanzo ni kawaida, hasa kwa anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Mimi nilivimba, na kwenye zahanati moja nikaambiwa wachome sindano wanyonye ile damu. Nilikataa, nawe kataa. Sindano inaweza kuingiza vijidudu ndani, na betri ikishapata maambukizi, kwa kawaida inabidi vitolewe vyote, betri pamoja na nyaya. Ndiyo maana hata kununua antibayotiki dukani ukameza kimyakimya ni hatari: wekundu unapungua, tatizo linabaki chini ya ngozi. Ukiona joto, usaha, homa, au ngozi inakuwa nyembamba na kung'aa juu ya betri, hata kama ni miezi mingi baadaye, nenda hospitali na upige simu kliniki yako.

Tatizo la nyaya lina dalili yake. Linakuja na kuondoka. Uko sawa, unainua mkono kuanika nguo, ghafla giza machoni, kisha sawa tena. Inawezekana skrubu haikukaza vizuri, au waya wa zamani umechoka. Hapo usisubiri tarehe ya kliniki, na ukizimia ni siku hiyohiyo. Hospitali ya mkoa, Maweni, unaweza kupimwa ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, na kupigwa eksirei ya kifua, na picha hizo zinaweza kutumwa kwa daktari wako kabla hujasafiri. Skrubu iliyolegea hurekebishwa kwa upasuaji mdogo.

Mimi shida yangu ilikuwa mpangilio, na hili watu hawaambiwi vya kutosha. Nikipanda kutoka stesheni kwenda Mwanga, katikati ya mlima miguu inakuwa mizito na pumzi zinakata. Nikasimama pembeni, nikaweka vidole kwenye mshipa wa mkono, nikahesabu dakika nzima: 60. Nyumbani nimekaa: 60. Moyo wangu wenyewe hauongezi mwendo, na betri ya zamani ilikuwa inauongezea nikitembea. Kwenye hii mpya uwezo huo ulikuwa haujawashwa. Niliandika kwenye daftari saa, nilichokuwa nafanya na mapigo niliyohesabu. Kliniki walipolisoma daftari hawakuhangaika kutafuta. Waliuwasha uwezo huo kwa mashine juu ya ngozi, bila kisu wala sindano.

Baadaye likaja lingine. Nikiwa kwenye bodaboda kwenye barabara ya vumbi, moyo unaenda mbio ilhali nimekaa tu. Betri nyingi hutambua mwendo kwa mtikisiko wa mwili, kwa hiyo mashimo ya barabarani huyachukulia kama unatembea haraka. Ukishuka na mapigo yakatulia, hiyo si hitilafu. Ikikukera, waombe wapunguze wepesi wake wa kuhisi.

Hesabu mapigo kwa mkono wako mwenyewe, dakika nzima, maana mashine za presha wakati mwingine hukosea mapigo yakiruka. Na usishtuke ukikuta usiku yamepungua kidogo. Betri nyingine hupangwa hivyo wakati wa kulala. Uliza kabla hujaondoka hospitali: mapigo ya chini kabisa ni mangapi mchana na usiku? Kuongeza mwendo kumewashwa? Betri ya zamani ilipangwaje, na hii wameipangaje? Waandike.

Simu usiiweke kwenye mfuko wa shati upande wa betri. Iwe umbali wa sentimita 15 au zaidi. Spika kubwa zina sumaku, usizikumbatie kuzibeba. Kwa fundi anayechomelea, kaa mbali.

Kadi ya betri tembea nayo, na picha yake iwe kwenye simu yako na ya mtu wa nyumbani. Mashine ya kampuni moja haisomi betri ya kampuni nyingine, na kampuni ya betri mpya inaweza isiwe ile ya kwanza. Kabla hujapanda treni, piga simu, wasomee jina lililo kwenye kadi, waulize kama siku hiyo mashine yake itakuwepo.