Babu alimbeba Livingstone, au alikuwa wa Kariakoo?

SWALI: Shikamoo anko. Marehemu baba alikuwa anatuambia kwamba babu wa babu yetu alikuwa mpagazi, na alikuwemo kwenye lile kundi lililobeba maiti ya Livingstone mpaka Bagamoyo. Jina ni Feruzi, wengine kwenye ukoo wanasema Ferhani. Sasa baba mkubwa, ndo mzee pekee aliyebaki, ana themanini na kitu, anasema hapana huyo mpagazi ni babu yake yeye. Nataka kuwaandikia wanangu historia yetu kabla mzee hajaondoka. Nianzie wapi? Mjukuu wa Feruzi, Temeke.

JIBU: Marahaba mwanangu, na umefanya vizuri kuuliza mzee akiwa bado yupo. Ila kabla hujapanda boti kwenda Zanzibar au kuzunguka maofisini kaa kwanza upige hesabu za vizazi, maana hapo ndo penye fundo. Baba mkubwa tuseme kazaliwa 1940 hivi, ukihesabu miaka 30 kila kizazi baba yake ni wa 1910, babu yake wa 1880, na baba wa huyo babu ni wa 1850. Livingstone kafa Mei 1873 kule Chitambo, ambako leo ni Zambia, na watumishi wake akina Chuma na Susi wakafika na mwili Bagamoyo Februari 1874. Kwa hiyo aliyeubeba ni lazima awe wa 1850, sio wa 1880, yaani babu wa babu yako kama alivyosema baba.

Lakini mzee naye usimwone mwongo hata kidogo! Mtu wa 1880 vita ya 1914 ilimkuta na miaka 34, na vita ile iliwazoa wapagazi kwa maelfu, Wajerumani walichukua, Waingereza wakachukua, na jina la Kariakoo yetu limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo cha Waingereza. Mimi naona hapa mna watu wawili, baba na mwanawe, wote walibeba mizigo ya wazungu, na masimulizi yamewaunganisha wakawa mtu mmoja. Hii naiona sana kwenye koo za hapa Dar.

Kuhusu jina sasa. Feruzi na Ferhani ni majina waliyopewa watu wengi sana waliopita mikononi mwa wauza watumwa na mabwana wa pwani, sawa na Mabruki na Baraka, kwa hiyo ukilikuta kwenye karatasi usishangilie haraka, tafuta na jina la baba yake, kabila, au kijiji. Royal Geographical Society ya London ilitengeneza medali 60 kwa ajili ya wale watu wa Livingstone, jina la mtu limeandikwa ukingoni, kwa hiyo uliza kwa shangazi zako kama kuna medali kwenye sanduku la mtu. Kukosekana kwake hakumaanishi chochote maana wengi walishatawanyika zilipotoka. Stanley, yule mzungu mwingine msafiri, naye alichapisha orodha ya majina ya watu aliorudi nao Zanzibar 1877, na wapagazi walihama safari moja kwenda nyingine, kwa hiyo pitia na hiyo.

Kama kuna upande wa ukoo ni Wakatoliki, nenda misheni ya Bagamoyo iliyoanzishwa 1868, waulize vitabu vya ubatizo. Faili za Wajerumani ziko Nyaraka za Taifa hapo Upanga, mwandiko wao wa mkono unasumbua macho hivyo tafuta mtu anayesoma Kijerumani cha zamani, na za konseli wa Uingereza na za Sultani ziko Zanzibar, Kilimani.

Ila wiki hii nenda kwa baba mkubwa na simu ya kurekodi, mwache anywe chai kwanza, halafu umuulize hili: huyo babu mpagazi, yeye alimuona kwa macho yake? Akikwambia alikuwa anamtuma tumbaku, basi huyo ni wa Kariakoo, na Feruzi wa Bagamoyo bado hujampata.