Usimkimbize dereva

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: mtu anayekwenda mbugani kwa mara ya kwanza, kwenye gari lenye dereva mwongozaji, atarajie nini, na achague mwezi gani? Kazi yangu ndiyo hiyo ya kuendesha wageni, njia ya kaskazini, Arusha kwenda Ngorongoro na Serengeti. Nitajibu kama mshika usukani. Na nitatangulia na jambo ambalo madereva tunalisema tukiwa wenyewe tu: kinachoharibu siku ya mbugani ni haraka, na haraka hiyo mara nyingi huletwa na mgeni bila kujijua.

Lakini kwanza barabara, maana picha hazionyeshi barabara. Lami inayotoka Arusha inakwisha kwenye lango la Loduare, mlangoni mwa Ngorongoro. Kuanzia hapo hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni vumbi na mtikisiko kwa saa kadhaa. Safari nzima ni zaidi ya kilomita 300. Anayekaa siti ya nyuma kabisa hurushwa kuliko wenzake, basi pokezaneni, na mwenye mgongo mbovu aseme tangu Arusha, asingoje tufike Naabi, lango la Serengeti. Langoni raia anaonyesha kitambulisho na kulipa kwa shilingi, sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni wa nje. Hakuna kupenyeza noti dirishani. Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu, benki au kwenye simu, na mtandao ukigoma mtasubiri. Wakati mnasubiri fungeni vioo, kwa sababu nyani wa Loduare wanajua mfuko wa chakula kuliko mnavyowajua wao.

Na baridi. Ukingo wa kreta, lile bonde la duara la Ngorongoro mnaloshukia kuona wanyama, uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Kila Julai napokea watu kutoka Dar wamevaa fulana, wanaomba blanketi la gari kabla hata hatujaanza kushuka. Geti linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na mtataka kuwa pale saa hiyo, kwa hiyo sweta si mzigo.

Mkishaingia, pundamilia wa kwanza atapigwa picha mpaka simu ipate moto. Ni haki yenu, na dereva mwenye busara atazima injini awaache mshibe. Ikifika saa sita mchana pundamilia mia watavuka barabara mbele yenu na hakuna atakayeinua kichwa. Kila mtu anauliza simba yuko wapi. Simba yupo, amelala. Anaweza kupumzika hata saa 20 kati ya 24, kwa hiyo kwa wageni wengi simba wa kwanza ni tumbo, nyayo nne hewani na mkia unaofukuza nzi. Chui ni mkia unaoning'inia kwenye mti kando ya mto Seronera. Faru wa kreta, mara nyingi, ni doa jeusi huko mbali ambalo dereva analiita faru, nanyi mnakubali kwa imani mpaka zamu yenu ya darubini ifike. Na twiga msimtafute ndani ya kreta, hayumo. Mtamwona huku juu njiani.

Sasa hapo ndipo redio inapoingia. Magari yana redio na madereva tunaambizana. Mmoja akisema kuna chui kwenye mti fulani, baada ya muda mfupi magari kumi, kumi na tano yamejipanga chini yake, na wa nyuma hawaoni kitu ila paa la gari la mbele. Kwa nini tunakimbilia? Kwa sababu mgeni amepanda gari na orodha ya wale wakubwa watano: simba, tembo, nyati, faru na chui. Orodha yenyewe ilianzia kwa wawindaji, waliowahesabu hao kuwa hatari zaidi kuwawinda kwa miguu. Haina uhusiano wowote na uzuri wa mnyama wala uadimu wake. Lakini dereva anajua kwamba tipu yake, na maneno mtakayoandika mtandaoni, yanahesabiwa kwa orodha hiyo. Basi anakimbia. Mwendo wa juu kabisa Serengeti ni kilomita 50 kwa saa, na akienda hivyo siku nzima kutoka redio hadi redio, mtakuwa mmekwenda mbugani kutazama vumbi la magari ya wenzenu.

Dawa yake ni maneno machache asubuhi, kabla gari halijawashwa. Niliwahi kubeba mama mmoja wa Tanga na wanawe. Nilipomsalimia, badala ya kuniuliza kama tutamwona faru, aliniambia, "Mwanangu, sisi hatuna orodha. Ukiona cha kutufundisha, simama. Tutakuuliza mpaka utuchoke." Nikamjibu, "Sitawachoka, mama." Tangu hapo nilikuwa na ruhusa ya kufanya kazi niliyosomea. Asubuhi ile tulikuta twiga watatu wamesimama wima, hawatafuni, wote wanatazama upande mmoja. Nikazima injini.

"Wanaona nini, kaka?" kijana wake akauliza.

"Ndicho tunachongoja."

Tulingoja mpaka chai ikaisha kwenye chupa. Kisha majike wawili wa simba wakainuka kwenye nyasi, pale pale ambapo sote tulikuwa tumepatazama bila kuwaona, wakaondoka polepole wakielekea kwenye vilima vya mawe. Hakuna aliyekuwa amewatangaza redioni, na gari lilikuwa letu peke yetu.

Hilo ndilo mnalolipia mnapochukua dereva mwongozaji. Njia hata simu inaionyesha. Tofauti ni kusoma. Swala wakikazana kutazama kichaka kimoja, kuna jambo kichakani. Tumbusi wakikaa mtini bila kushuka, mwenye mzoga bado yuko mezani. Wakiwa chini wanagombana, amekwisha kuondoka. Kanga wakipiga kelele ghafla, geuza darubini. Nyayo za alfajiri kwenye mchanga wa barabara zinasomeka mpaka gari la pili au la tatu lizifute, na ndiyo maana dereva anawasumbua kuamka mapema. Lakini kusoma kunataka kusimama, na kusimama pasipo na mnyama kunamwogopesha dereva ambaye wageni wake wanaangalia saa.

Anayeumia zaidi kwa haraka hii ni duma. Yeye huwinda mchana, wakati ule ule tunaozunguka sisi, na magari yakimzingira mawindo yanastuka au watoto wanapotezana na mama yao. Utafiti wa Maasai Mara uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba majike ya duma kwenye maeneo yenye watalii wengi yalifanikiwa kulea watoto wachache mno kuliko yale ya maeneo yenye watalii wachache. Kwa hiyo dereva akikataa kusogea karibu na duma, msimnung'unikie. Akitoka nje ya barabara kwa ajili yenu hapo Seronera anavunja sheria ya hifadhi, na mkimshawishi kwa noti mnamponza yeye.

Kuhusu hofu, nitasema kidogo tu. Wanyama wamelizoea gari, hawajamzoea mtu. Mkikaa ndani na kuongea kwa sauti ya chini, simba atapita pembeni kana kwamba hampo. Kreta ni wazi na jua lake kali, hivyo hutokea simba akaja kujilaza kwenye kivuli cha gari, na hapo mtakaa mpaka aamke mwenyewe. Tembo ndiye ninayemheshimu kuliko wote. Dume lenye majimaji yanayotiririka kati ya jicho na sikio halitaki mazungumzo. Likitanua masikio na kukaza kichwa, mtaniona narudi kinyumenyume bila kuaga. Mgeni anayesema "sogea kidogo tu, suka" wakati huo, sauti yake huwa siisikii.

Jambo ambalo vitabu vya watalii hulipita haraka, na ndilo linalotesa watu wetu kuliko simba, ni kuchimba dawa. Mbugani hamshuki ovyo. Vyoo viko kwenye malango na maeneo ya kupumzikia: Naabi, Seronera, na ndani ya kreta kule Ngoitokitok. Katikati yake kuna masaa. Matokeo yake, akina mama wengi wanakataa maji tangu asubuhi kwa aibu ya kuomba gari lisimame, na ikifika saa saba mchana kichwa kinawagonga kwa jua na vumbi, wanasema mbuga imewakataa. Kunyweni maji. Semeni mapema, wala msitafute lugha ya kuficha. Dereva husikia ombi hilo kila siku. Atawaambia kama choo kiko karibu. Kama hakipo na sheria ya eneo inaruhusu, atachagua pahali peupe, atashuka yeye kwanza na kuzunguka gari, halafu mtu mmoja mmoja, nyuma ya tairi, si nyuma ya kichaka. Kichaka kizuri kwako ni kizuri kwa mwingine pia.

Chakula cha mchana ni lanchi boksi. Ngoitokitok kuna bwawa lenye viboko na mandhari ya kupendeza, na kuna mwewe. Anashuka kwa nyuma, kimya, na paja la kuku linaondoka mkononi pamoja na ngozi ya kidole usipoangalia. Kulieni ndani ya gari, kisha mshuke mkiwa mmemaliza. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani. Imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019.

Jioni dereva atabadilika, ataanza kuangalia saa yeye. Kreta lazima muwe mmetoka saa kumi na mbili, na kibali cha Serengeti kinahesabiwa saa 24 tangu mlipoingia. Mkipitiliza mnalipa tena. Hiyo ndiyo haraka pekee ninayoitetea.

Kwenu Watanzania wenzangu nina la ziada. Wapo madereva wanaowatembeza wageni wa nje kwa maelezo marefu, halafu wakibeba wenyeji wanakaa kimya, eti "nyie si wa hapa hapa, nyati mnawajua." Mtu wa Mtwara au wa Kariakoo amemjulia wapi nyati? Mmelipa, ulizeni. Kabla ya kulipa, ulizeni pia haya: gari ni letu peke yetu au tunachangia na wengine? Kila mtu ana dirisha? Mafuta ni ya kuzunguka siku nzima au kuna kikomo cha kilomita? Darubini ipo, na inafanya kazi? Ofisi ikibabaika kwenye swali la mafuta, tafuteni nyingine. Tipu si sheria, ila fahamuni kwamba kwa madereva wengi ni sehemu kubwa ya kipato, na asiyeitarajia kutoka kwenu huenda asijitume kwenu. Nadhani hapo pande zote mbili tuna la kurekebisha.

Na si lazima mje kaskazini. Aliye Dar anaweza kupanda treni ya SGR hadi Morogoro, akaendelea kwa gari mpaka Mikumi, akaona tembo, twiga, nyati na viboko kwa gharama ndogo kuliko ya kuja kwetu. Hifadhi ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, ina kitu ambacho Serengeti haina: mnatembezwa kwa boti kwenye mto Rufiji, mamba na viboko mkiwatazama usawa wa macho.

Mwezi? Inategemea mnataka nini. Januari hadi Machi nyumbu, zaidi ya milioni moja, wako kusini kwenye nyasi fupi za Ndutu, na Februari ndama wanazaliwa kwa wingi. Fisi, simba na duma wanajua tarehe hizo. Julai hadi Oktoba makundi yako kaskazini na yanavuka mto Mara, ila kuvuka hakuna ratiba. Watu hukaa ukingoni kutwa nzima, kundi linafika majini, linakunywa, linageuka. Miezi hiyo hiyo ya kiangazi hifadhi ya Tarangire hujaa tembo kwa sababu mto wake ndio maji yaliyobaki. Aprili na Mei ni masika: bei zinashuka, magari yanapungua, na kuna siku mtasukuma gari kwenye tope. Ndugu yangu wa damu ningemleta mwanzoni mwa Juni, nyasi zikiwa bado na rangi na vumbi halijapamba moto, twende ukanda wa magharibi wa Serengeti, Grumeti, nyumbu wakiwa wanapita huko. Mbung'o nao wapo kwa wingi, na wanapenda nguo za bluu na nyeusi, basi aje na za kaki.

Dereva wa njia ya kaskazini,
Arusha