Saa za Ziada na Raha ya Nyumbani: Maswali Yenu

SWALI: Naendesha mashine kiwandani siku sita kwa wiki, mshahara wa msingi 390,000. Siku tatu nabaki saa mbili za ziada. Nikichelewa, bodaboda ni 3,000 na chakula 2,000. Kipato kimepanda lakini raha sina, watoto nawakuta wamelala. Niache? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Piga hesabu kwanza. Gawa mshahara wa msingi kwa 195, yaani saa 45 za wiki mara wiki 4.333 za mwezi. Saa yako ni shilingi 2,000. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu: 3,000. Hapo wengi hupunjwa, wakipewa "posho" ya jumla isiyoonyesha saa.

Jioni moja inaingiza 6,000, inakula 5,000. Unawakosa watoto kwa 1,000! Omba saa zilezile sita uzifanye jioni mbili, tatu tatu. Mapato ya wiki hayabadiliki, 18,000, ila gharama inashuka toka 15,000 hadi 10,000. Unabaki na 8,000 badala ya 3,000, na jioni moja umeirudisha nyumbani. Usipite saa 50 za ziada kwa wiki nne, na toka kutoka hadi kuingia tena zipite saa 12. Saa za ziada huenda kwa makubaliano, hivyo soma mkataba kabla ya kumfuata msimamizi.

SWALI: Mume wangu amepunguzwa kazini. Muda anao tele, lakini hata redio mbovu haigusi. Ni uvivu? (Mama wawili, Morogoro)

JIBU: Si uvivu, dada. Kiwanda cha nguo cha Marienthal, Austria, kilipofungwa, watafiti waliokwenda huko mwanzoni mwa miaka ya 1930 walikuta watu wasio na kazi wakiazima vitabu vichache kuliko zamani, na wanaume wakitembea polepole, wakisimamasimama njiani. Kengele ya kiwanda ndiyo iliyokuwa ikiwagawia siku. Kubalianeni saa ya kuamka na shughuli moja ya asubuhi yenye mwisho, redio inafaa.

La haraka zaidi: kama anapinga kupunguzwa, shauri lifike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Na akague kiinua mgongo chake: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, isiyozidi miaka 10.