Tundu la mashua

Swali la wiki liliuliza kama wema na ubaya ni nguvu mbili zinazopingana kweli, au ni namna yetu tu ya kusema. Sisi wa Mombasa ni rahisi kujibu ndiyo, maana mfano tunao mlangoni: kaskazi na kusi. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, na zamani ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni. Aprili kusi ikaanza kushika, ikayarudisha kwao. Pepo mbili, kila mmoja na msimu wake, hakuna aliyemzaa mwenzake.

Mani, mwanzilishi wa dini aliyezaliwa nchi ya Mesopotamia mwaka 216, alifundisha jambo la namna hiyo: nuru na giza, falme mbili tangu azali. Augustine, mwanateolojia wa Kikristo, aliyafuata mafundisho yake kama miaka tisa, kisha akayaacha na kusema kwamba ubaya hauna uhai wake wenyewe, ni upungufu wa wema. Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu, naye alifika karibu na hapo kwa njia yake.

Mimi nilifikishwa na babu. Alikuwa kalafati, fundi wa kuziba nyufa za mashua, pale Bandari ya Kale, na kila likizo alinikalisha nisokote pamba na kuichovya kwenye sifa, yale mafuta ya papa ambayo shati hulifua mara tatu na bado linanuka. Siku moja alikishika kidole changu akakiweka kwenye tundu ubavuni mwa mashua, mahali deheni, ule mpako wa mafuta na chokaa, ilipobanduka. Lilikuwa dogo kama punje ya mtama. "Hili limetengenezwa kwa nini?" Nikasema kwa mbao. "Mbao ni hii iliyobaki. Mimi nauliza tundu." Nikanyamaza. Akachonga kijiti, akakizungushia pamba, akakigonga taratibu mpaka kikazama. Jibu hakunipa. Akanituma kahawa.

Tundu lile lingezamisha watu kumi, kwa hiyo sithubutu kusema ubaya si kitu. Lakini iondoe mashua uone kama tundu litabaki. Muuza samaki mmoja aliwahi kunipimia kilo mbili za changu. Nyumbani zikawa kilo moja na robo tatu. Mizani yake ilinidanganya kwa sababu mizani za wenzake husema kweli. Mizani zote zikidanganya, nani atatazama mshale? Na yule wa kivukoni Likoni aliyenichomolea simu, mkono mwepesi, subira ya saa nzima, macho yanayojua nani amechoka: vyote hivyo ni vipawa vizuri. Laiti angekuwa mkunga.

Kwetu Waislamu mambo yangepaswa kuishia hapo. Katika Qurani Iblisi anaomba apewe muhula mpaka siku ya kufufuliwa, naye anapewa. Mfalme wa pili hangeomba ruhusa. (Ingawa ukikaa nasi barazani baada ya Isha, ukasikiliza habari za majini na mahasidi, utasema mtaa mzima ni wafuasi wa Mani.)

Basi jibu langu ni hapana, si nguvu mbili. Nilikuwa nalo hivyo, limenyooka, mpaka juzi nilipolipeleka kwa jirani.

Mwanawe ni teja, mwaka wa nne sasa. Ameuza sufuria za mamake, akauza mpaka bomba la maji la uani. Nilimkuta mama anachambua mchele kwenye uteo, na kwa upuuzi wangu nikamweleza habari ya babu na mashua, nikidhani namfariji. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "anayemuuzia unga ana gari, ana simu mbili, na Ijumaa yuko safu ya mbele. Nikimpita ananiamkia vizuri kabisa. Huyo ndiye tundu?"

Nikamwambia la, yeye ni mbao kama sisi, ila imetobolewa.

"Na aliyemtoboa?"

Nilitaka kusema hakuna aliyemtoboa, kwamba ndivyo mbao inavyooza ikiachwa bila kutazamwa. Halikunitoka. Yeye hakuinua kichwa. Alipata kijiwe kimoja kwenye mchele, akakitazama, akakitupa uani.