Kugeuza wodi ya ghorofani kuwa kitengo cha kusafisha damu: anza na maji, marumaru baadaye

Mkuu, umesema mmepewa wodi ya zamani ghorofa ya kwanza hapa Dodoma, mnataka vitanda 10 vya kusafishia damu wagonjwa wa figo, na makadirio ya fundi yameanza na rangi, marumaru na AC. Yapindueni hayo makadirio. Kitengo hiki ni kiwanda kidogo cha maji chenye vitanda ndani.

Mashine moja hutumia kama nusu lita ya maji yaliyochujwa kwa dakika, hivyo saa 4 ni lita 120 kwa mgonjwa. Vitanda 10 kwa zamu 2 ni lita 2,400, bado za kusuuza mashine. Mtambo wa RO, unaochuja maji kwa kuyasukuma kupita utando mwembamba, unaweza kumwaga karibu nusu ya maji yanayoingia, kwa hiyo pangeni lita 5,000 hadi 6,000 za maji ghafi kila siku. Akiba ya siku mbili ni zaidi ya lita 10,000, na lita 10,000 ni tani 10. Matangi hayo yakae chini, nje ya jengo, na pampu. Hata mitungi ya kuchujia, mhandisi aione michoro ya slabu kabla hamjaipandisha juu.

Maji ya visima vya Makutupora vinavyolisha Dodoma ni magumu, yana chumvichumvi za kalisi na magnesi, kwa hiyo mtungi wa kulainisha maji ni lazima. Hapa kuna mtego: mtungi huo hujiosha kwa maji ya chumvi usiku kwa kufuata saa yake. Umeme ukikatika kwa muda wa saa 5, saa isiyo na betri huchelewa kwa muda huohuo, na siku moja mtungi unaanza kujiosha mgonjwa yuko kwenye mashine. Nunueni wenye betri, na uwe na kizuizi cha kujiosha wakati RO inafanya kazi.

Kaboni, yaani mkaa unaonasa klorini, msiifanyie ubahili. Klorini ikipita hadi kwenye mashine hupasua chembe nyekundu za damu, na RO pekee haiizuii. Wekeni mitungi miwili inayofuatana, maji yakae ndani yake dakika 10 kwa jumla. Mtambo wa kutoa lita 500 kwa saa huvuta kama lita 1,000, karibu lita 17 kwa dakika, hivyo mnahitaji lita 170 za kaboni, 85 kila mtungi. Bomba la kuchukulia sampuli liwe katikati ya mitungi hiyo, si mwishoni tu. Muuguzi apime kabla ya kila zamu. Jumla ya klorini ikizidi miligramu 0.1 kwa lita hapo katikati, mtungi wa kwanza umechoka, na wa pili ndio unaowalinda wagonjwa. Kama chanzo chenu ni kisima cha upande wa Singida, pimeni floraidi pia. Kiwango cha juu cha WHO kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, kwa mashine hizi ni 0.2.

Baada ya RO, marufuku shaba, mabati na aluminiamu. Bomba lizunguke vitanda vyote na kurudi kwenye mtambo, bila kipande kilichozibwa mwisho, kwa kuwa maji yakisimama ndipo bakteria wanapozaliana. Jaribuni shinikizo kabla dari halijafungwa.

Umeme: kila kitanda breka yake, na sehemu ya kuunganishia jenereta iwe tayari. Erthi ipimeni Oktoba, udongo ukiwa mkavu kabisa. Ikipimwa Februari baada ya mvua itawadanganya.

Sakafu iwe vinaili iliyounganishwa kwa joto, ipande ukutani sentimita 10. Viungio vya marumaru hunywa kila kinachomwagika. Saruji ya kusawazishia ikiwa milimita 50, ipeni wiki 7 au zaidi ikauke, la sivyo vinaili itavimba. Wenye hepatitis B wapewe chumba chao na mashine yao.

Mwisho kuna sampuli ya maji kabla ya mgonjwa wa kwanza: bakteria chini ya 100 kwa mililita, endotoksini, yaani sumu itokayo kwenye bakteria, chini ya yuniti (EU) 0.25 kwa mililita. Kuotesha vijidudu huchukua hadi siku 7, na majibu yakiwa mabaya mnasafisha mabomba na kupima upya. Kwa hiyo mgeni rasmi aalikwe majibu yakishatoka.